Kosa Si Jina la Mtu



Leo hatuzungumzii vitambulisho, wala askari, wala mambo ya Bunge. Leo tunazungumzia muvi. Usiondoke, iko sababu.

Kama ulikulia huku kwetu Kanyangi, au Kisasi, au Mbitini, au ng'ambo ya mto Athi upande wa Makueni, basi Lara Croft unamjua hata kama jina limekutoka. Ni yule dada wa bastola mbili mapajani na msuko mmoja mrefu mgongoni. Wengine tulimjua kwa gemu, kwenye mashine ya kulipia kwa dakika. Wengine tulimjua kwa kibanda cha video, tumekaa kwenye mabenchi ya mbao na jenereta inanguruma nje. Gemu yenyewe ilitoka 1996, kazi ya kampuni ya Core Design huko Derby, Uingereza. Mwaka 2001 ikafanywa filamu, Angelina Jolie akawa stelingi, na pesa iliyoingia ikapita dola milioni 270. Ndio maana mwaka 2003 wakatoa ya pili: Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life, iliyoongozwa na Jan de Bont.

Hiyo ya pili ndiyo nataka uitafute wiki hii, kwa sababu hiyo inatuhusu. Sehemu yake ya mwisho ilipigwa hapa hapa Kenya: tambarare za Amboseli, na lile bonde la mawe la Hell's Gate pale Naivasha. Ukienda Hell's Gate leo, ukakodisha baiskeli na kushuka bondeni, hutakosa mwongoza watalii wa kukwambia kwamba Angelina Jolie alipita hapo. Na mlima unaoutumikia mkasa wote ni Kilimanjaro. Asubuhi isiyo na mawingu, ukiwa upande wa Emali au Kibwezi, mlima huo unauona kwa macho yako mwenyewe bila kulipa tikiti.

Kwa kifupi hadithi ni hii. Kuna sanduku la Pandora, lile la ngano za Wagiriki, lenye maangamizi ndani yake. Ramani ya kulifikia imefichwa kwenye hekalu la Alexander chini ya bahari karibu na Santorini. Adui ni mwanasayansi mmoja tajiri, Jonathan Reiss, anayetaka sanduku hilo atengeneze ugonjwa na kuuza. Lara anamkimbiza kutoka Ugiriki hadi China, hadi Hong Kong, hadi Afrika, ambako sanduku liko mahali panapoitwa Chimbuko la Uhai. Muvi ya kukimbizana tu, na kwa kukimbizana iko sawa. Mimi sikuja kukwambia ni mbaya. Ile ya kumpiga papa ngumi nimeirudia mara tatu.

Sasa njoo kwenye jina.

Afrika, Lara anapokelewa na rafiki yake wa zamani. Anashuka kwa parachuti mpaka ndani ya gari linalokwenda mbio, na rafiki huyo yuko humo. Ni Djimon Hounsou, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Benin, mwigizaji mzito ambaye tayari alikuwa amecheza Amistad na Gladiator. Ana sauti, ana kifua, ana heshima machoni. Unajua wamempa jina gani? Kosa.

Kosa!

Utaniambia huenda jina hilo lina maana nzuri katika lugha nyingine. Sawa. Lakini hadithi wameiweka chini ya Kilimanjaro, na kamera wamezileta Naivasha, mahali ambapo dereva, mpishi, askari wa geti na mama anayeuza mahindi barabarani wote wanaongea Kiswahili. Mtoto wa darasa la kwanza angewaambia maana ya neno hilo, tena bure. Filamu ya mamilioni ya dola, yenye watu wa kuchunguza bastola inashikwa vipi na parachuti inafunguka vipi, na hakuna aliyegeuka kumuuliza mtu wa pale: hili jina kwenu ni nini? Hilo kwangu ndilo zito kuliko jina lenyewe. Jina ni ushahidi tu. Linakuonyesha kwamba kwenye kazi yote ile, watu wa mahali walikuwepo kwa mamia na hawakuulizwa neno.

Angalia pia Kosa anafanya nini. Anaendesha gari. Anatafsiri maneno ya wazee wa kijiji. Anamwonya Lara kwamba huko anakokwenda kuna walinzi wa vivuli wanaoua. Basi. Halafu wanaume wa kijiji wanamsindikiza Lara na mikuki yao, watu wa Reiss wanawashambulia kwa bunduki, na kwa muda mfupi wanaume wale wamelala chini. Hakuna hata mmoja uliyejua jina lake. Kamera haikai nao. Hakuna anayewazika. Sisi kibandani tulikuwa tunashangilia, kwa sababu stelingi alikuwa bado mzima, na sote tunajua sheria ya kibandani: stelingi hafi.

Kama unacheza gemu, hapa utanielewa haraka kuliko mzee wako. Gemu ya aina hii inahitaji viwanja. Kiwanja cha barafu, kiwanja cha jangwa, kiwanja cha msitu. Kila kiwanja kina vitu vitatu: adui wa kupiga, fumbo la kufungua, na mtu wa mahali anayekupa habari. Yule wa habari ukishaongea naye, amekwisha kazi. Rudi kwake mara ya pili, atarudia sentensi ile ile. Hana nyumba, hana njaa, hana mama. Ni kama ufunguo, umefungua mlango, umeutupa. Kwenye gemu hilo linaeleweka, mashine ya 1996 haikuwa na nafasi ya kumpa kila mtu maisha. Shida ni pale gemu inapofanywa filamu, waigizaji wa kweli na ardhi ya kweli, na tabia ile ile ikahama nayo. Ugiriki ikawa kiwanja, China ikawa kiwanja, Kenya ikawa kiwanja cha mwisho. Djimon Hounsou, pamoja na uwezo wake wote, akawa ufunguo.

Sasa sikia Wachina walifanya nini. Mwaka 2003 serikali yao ilikataa filamu hiyo isionyeshwe nchini kwao. Walilalamika kwamba inaonyesha China kama nchi ya vurugu isiyo na serikali, iliyojaa magenge ya siri. Mimi si shabiki wa serikali kupiga marufuku filamu, na nyinyi mnaosoma ukurasa huu mnajua vizuri mambo ya kufungiwa midomo yanaishia wapi. Lakini angalau kuna mtu China aliyekaa kitako, akaitazama, akasema: huyu amenichora vibaya. Sisi tuliitazama tukasema: ona, ni Naivasha!

Na Naivasha yenyewe ina hadithi. Kwenye filamu, watu wa bonde wako pale kulilinda mpaka kufa. Hell's Gate ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1984. Pembeni yake, tena na ndani yake, ndiko kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria, ambayo wa kwanza wake ulianza kutoa umeme mwaka 1981. Mradi ulipopanuliwa na kufika Olkaria IV, familia za Wamaasai waliokuwa wakiishi hapo zilihamishwa mwaka 2014 kupelekwa makazi mapya. Baadhi yao wakapeleka malalamiko mpaka kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia, ambayo ilikuwa mmoja wa wafadhili, na mwaka uliofuata jopo likaona kweli kulikuwa na kasoro katika jinsi walivyohamishwa. Umeme ule unatufikia na sisi, siupingi. Nasema tu: watu wa kweli wa bonde lile waliandika barua, wakakaa mezani, wakadai haki yao kwa karatasi. Weka hao karibu na wale wa filamu wanaokufa kimya na mikuki, halafu uniambie ni wepi wanafaa kutengenezewa muvi.

Usifikiri ni Lara peke yake. Kuna gemu nyingine inaitwa Resident Evil 5, ya kampuni ya Capcom ya Japani, ilitoka 2009. Imewekwa katika nchi ya kubuni ya Afrika Magharibi, mji unaitwa Kijuju. Watu wa mji wameingiwa na vimelea, wamegeuka wauaji, na kazi yako ni kuwapiga risasi. Wanaitwaje? Majini. Wanaongea lugha gani wakikukimbilia na mashoka? Kiswahili. Afrika Magharibi, Kiswahili! Nakumbuka nikiwa nacheza nikasikia adui ananipigia kelele kwa lugha ya mama yangu mdogo wa Mombasa, mkono ukaganda kwenye kifaa. Nikauawa hapo hapo.

Gemu inaeleza kwamba neno hilo kwa Kiswahili maana yake ni roho mbaya. Sisi tunajua si hivyo. Jini ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu, wapo wema na wapo waovu, na sura nzima ya Qur'ani ina jina lao. (Bila kutaja kwamba majini pia ni mahali samaki wanapoishi.) Neno limeng'olewa kwenye lugha, kwenye dini na kwenye mashairi ya pwani, likabandikwa kwenye paji la uso la mtu wa kupigwa risasi. Halafu ikaja filamu. Resident Evil: Afterlife ya 2010 ilichukua kutoka gemu ile yale majitu yenye midomo inayopasuka na lile jitu la shoka kubwa, ikayapeleka Los Angeles. Afrika ikaachwa, Kiswahili kikaachwa. Walichobeba ni mazimwi tu.

Na wewe mwenye jina la Kiislamu unajua habari hii ina tawi lingine. Prince of Persia, gemu ya Jordan Mechner ya 1989, ilipofanywa filamu mwaka 2010, mwana wa mfalme wa Uajemi alikuwa Jake Gyllenhaal, na walioachiwa nafasi ndogo ndogo ni wenye sura za huko. Assassin's Creed ya kwanza, gemu ya 2007, shujaa wake alikuwa Altaïr, kijana wa Shamu wakati wa Vita vya Msalaba. Filamu ya 2016 ikamweka kando, ikamchukua Michael Fassbender, ikatupeleka Andalusia mwaka 1492, mwaka Granada ilipoanguka. Fikiria, mwaka mmoja wenye majonzi makubwa katika historia ya Waislamu, na sultani wa Granada yuko kwenye filamu dakika chache tu, anatoa kitu cha thamani ili mwanawe asiuawe. Maelfu waliopoteza nyumba zao ni mandhari ya watu kuruka juu ya mapaa. Kwa haki niseme pia kwamba gemu zenyewe zimebadilika kuliko filamu: Assassin's Creed Mirage ya 2023 imewekwa Baghdad, shujaa ni Basim, na unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiarabu. Kwa hivyo inawezekana. Ni kuamua tu.

"Lakini ni burudani." Nimeisikia hiyo mara nyingi, na nina jibu la mtu wa Kanyangi, si la mtu wa chuo.

Wewe kijana Mkamba Muislamu, ni mara ngapi umeulizwa umetoka wapi? Umeenda ofisi fulani kuchukua karatasi, mtu wa kaunta akasoma jina, akakutazama, akarudi kwenye jina. "Wewe ni wa hapa kweli?" Umemjibu kwa Kikamba safi, babu yako amezikwa hapa, bado anatafuta mpaka wako uko wapi. Mimi limenipata, dada zangu limewapata zaidi kwa sababu ya hijabu. Mtu yule hakuamka siku moja akaamua kukuona mgeni. Picha za kukuona hivyo amezikusanya miaka mingi, na nyingine amezikusanya kwenye skrini: watu wa aina yako ni wa jangwani, au wa mbali, au ni wale wanaokimbia na mashoka. Hajawahi kuona hadithi hata moja ambayo mtu wa pwani mwenye kofia na mtu wa Kitui mwenye upinde wako pamoja katika safari moja.

Na hadithi hizo zipo! Hapo ndipo hasira yangu inapozidi, kwa sababu ni za kweli na ni tamu kuliko sanduku la Pandora.

Mwezi wa Aprili 1848 mmishonari Mjerumani, Johannes Rebmann, alitoka Rabai karibu na Mombasa kwenda nchi ya Wachagga. Historia ya shuleni inasema tarehe 11 Mei yeye ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Kilimanjaro na theluji yake. Haya. Rebmann alikuwa na mwavuli. Njia alikuwa nayo nani? Kiongozi wa msafara alikuwa Mswahili, Muislamu, aliyeitwa Bwana Kheri, mtu aliyekuwa ameizoea njia hiyo, aliyejua maji yako wapi na mfalme gani anataka zawadi gani. Ndiye aliyempeleka. Ni mtu mmoja na Kosa, kazi moja na Kosa, isipokuwa jina lake ni Kheri na bila yeye hakuna safari. Na sikiliza hii: watu wa msafara walikuwa na masimulizi kuhusu ule weupe wa kileleni, kwamba ni fedha, na kwamba waliopanda kuichukua hawakurudi salama kwa sababu mlima unalindwa na majini. Majini wetu wenyewe, walinzi wa hazina, juu ya Kilimanjaro. Walikuwepo miaka 155 kabla Hollywood haijaleta vivuli vyake na sanduku la Kigiriki. Waandishi wa filamu wangeinama tu waokote.

Mwisho wa habari ile unachekesha. Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, mabingwa wa London, mkubwa wao W. D. Cooley, wakambishia miaka na miaka. Hawakuwahi kufika. Bwana Kheri hawakumuuliza.

Njoo karibu zaidi sasa, njoo Kitui. Mwaka 1849 mwenzake Rebmann, Ludwig Krapf, alifika Ukambani akawa mgeni wa Kivui Mwenda, mfanyabiashara mkubwa wa pembe aliyekuwa akipeleka misafara ya mamia ya watu mpaka pwani. Hapa hapa Kitui, Desemba 1849, Krapf akauona Mlima Kenya kwa mbali. Wakamba waliuita Kiinyaa, na kwa njia hiyo jina la nchi yetu yote likapatikana. Hebu liweke hilo akilini wakati mwingine unapoulizwa kama wewe ni wa hapa: hata neno "Kenya" limepitia mdomo wa Mkamba.

Mwaka 1851 Krapf akarudi, na Kivui akamchukua kwenda mto Tana. Karibu na mto wakavamiwa. Kivui akauawa. Krapf akabaki peke yake nyikani, kiu inamuua, akafika mtoni akajaza maji kwenye mtutu wa bunduki na kwenye mkoba wa darubini ili apate ya kunywa njiani. Alipofika kwa jamaa za Kivui, wao wakamlaumu kwa kifo cha mtu wao, akatoroka usiku. Nimekusimulia sentensi tano na tayari umeona muvi yake, si ndio? Kuna mlima, kuna mto, kuna msafara wa Wakamba na pembe zao, kuna Waswahili wa pwani wanaosubiri upande wa pili, kuna kifo cha mtu mkubwa, kuna mgeni anayekimbia gizani. Ila stelingi wa hii anakufa katikati, na jina lake ni Kivui. Ardhi waliyopita ni hii tunayochungia mbuzi.

Misafara hiyo ndiyo iliyotuunganisha na pwani. Wakamba walishuka na pembe, Waswahili wakapanda na nguo na shanga, na dini nayo ikatembea kwenye njia hizo hizo. Anayekwambia Muislamu wa Kitui ni mgeni hajui njia.

Nani atatengeneza? Tusingoje Derby wala Hollywood. Vijana wa Nairobi walishaanza zamani. Nairobi X ya Black Division Games ilitoka 2015, mashambulizi kutoka anga za juu yanaangukia Nairobi na wewe ndiye unayeilinda. Usoni, hadithi iliyopigwa hapa Kenya na kuwekwa mwaka 2063, wakati Wazungu wanakimbia Ulaya kutafuta maisha Afrika, ilianza kama kazi ya skrini ya Marc Rigaudis halafu ikafanywa gemu na Jiwe Studios. Umeona? Njia ile ile ya Lara, imegeuzwa: kutoka skrini kwenda gemu, na anayehama safari hii ni mwingine. Si kazi kamilifu, nimezisikia lawama zake kwa watu wa gemu, michoro hivi, mwendo vile. Sawa. Gemu ya kwanza ya Lara nayo alikuwa na mikono ya pembe tatu na hakuna aliyemcheka.

Mwezi uliopita tulikaa vijana kama ishirini hapa Kanyangi, ukuta mmoja, projekta ya kuazima, tukaitazama The Cradle of Life yote. Nilishika rimoti. Kila alipokufa mtu asiye na jina nilisimamisha, na mtu mmoja akampa jina. Mwanzoni ni kicheko. "Huyu ni Mutua!" "Huyu ni Musyoka, ana deni langu!" Walipofika wale wa mikuki, kijana mmoja wa kidato cha tatu akasema, huyu ni Hassan, ana watoto wawili, mmoja anaumwa. Kukawa kimya kidogo. Binti mmoja akauliza watoto watalelewa na nani. Tukashindwa kuendelea kwa dakika kumi hivi, watu wakibishana juu ya watoto wa mtu ambaye hayupo. Filamu ikaisha saa nne na nusu usiku na wazazi wakaanza kupiga simu.

Kutokana na jioni ile watatu wamekaa chini wanaandika. Wawili wanachora njia ya Kivui kutoka Kitui hadi Tana kama viwanja vya gemu, wa tatu anajifunza programu ya bure ya kutengenezea gemu kwa simu ya baba yake, kwa sababu kompyuta hana. Wanabishana kama mchezaji awe Kivui au awe mpagazi wake. Mimi niko upande wa mpagazi, lakini kura si yangu.

Kama unajua kuchora, au una kompyuta iliyolala nyumbani, au nyanya yako anajua nyimbo za misafara, tuandikie. Kama uko Mombasa na kwenu kuna mzee anayejua habari za njia ya bara, tuandikie haraka zaidi, hao hawatungoji. Swali linalowasumbua vijana wiki hii ni dogo tu: msafara wa watu mia tatu ulikuwa unabeba maji kwa kitu gani?